Lapeyre: Kijana wa kiwanda cha kamba aliyebuni mkanda wa plastiki

WAPO wavumbuzi ambao kazi yao hutumiwa kila siku na mamilioni ya watu ilhali majina yao hayatajwi sokoni wala shuleni. James Martial Lapeyre ni mmoja wao. Katika viwanda vya samaki, nyama, mikate, vinywaji na hata magurudumu ya magari, bidhaa husafirishwa kutoka hatua moja hadi nyingine juu ya mkanda ulioundwa kwa vipande vidogo vya plastiki vilivyoshikanishwa kwa vijiti. Mkanda huo aliuingiza yeye katika viwanda.

Aliaga dunia mwaka 1989. Kwa wakazi wa Osiri na vijiji vingine vya Migori na Homa Bay, ambako riziki hutoka ama ziwani ama ardhini, maisha yake yana mengi ya kutafakariwa. Alianza na tatizo wanalolijua vyema wavuvi na wachuuzi wa samaki: mazao ya majini huoza upesi, na mikono ya binadamu haitoshi kuyashughulikia kabla hayajaharibika.

Lapeyre alizaliwa mwaka 1926 na kukulia katika jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani, ambako Mto Mississippi unamwaga maji yake katika Ghuba ya Meksiko. Ni nchi ya vinamasi, mikondo ya maji na vijiji vya wavuvi. Baba yake, Emile Lapeyre, alikuwa na biashara ya kamba karibu na mji wa Houma. Kamba hawa ni wale viumbe wa baharini wenye ganda laini na miguu mingi, ambao hata wavuvi wetu wa Kipini, Malindi na Vanga huwavua.

Ili kuielewa kazi ya Lapeyre, ni lazima kwanza kuielewa hali ya viwanda vya siku hizo. Kamba walivuliwa kwa wingi, wakamwagwa juu ya meza ndefu, na watu wakasimama kuwamenya mmoja baada ya mwingine. Ganda lina ncha kali, na maji ya kamba huchubua ngozi. Aliyemenya kutwa nzima alirudi nyumbani vidole vikiwa vimevimba na kutoka damu.

Mpiga picha Lewis Hine, aliyezunguka viwanda vya Marekani kukusanya ushahidi dhidi ya ajira ya watoto, alifika katika mji wa Biloxi, jimbo la Mississippi, mwaka 1911. Miongoni mwa aliowapiga picha ni mvulana aliyeitwa Manuel, mmenyaji wa kamba mwenye umri wa miaka 5. Familia nyingine zililetwa kwa treni kutoka Baltimore kila msimu, zikafanya kazi pamoja na watoto wao, kisha zikarejeshwa makwao msimu ulipokwisha. Sheria ya taifa iliyozuia ajira ya namna hiyo ilipitishwa mwaka 1938.

Kwa hiyo, Lapeyre alipokuwa kijana wa miaka 16 au 17, Vita Vikuu vya Pili vikiwa vimepamba moto, viwanda vya kamba vilijikuta katika dhiki. Wanaume walikuwa vitani, wanawake wengi walikuwa wamepata ajira katika viwanda vya silaha na meli, na watoto hawakuruhusiwa tena mezani. Kamba walikuwapo, wamenyaji hawakuwapo.

Inasimuliwa kwamba siku moja kijana huyo alimkanyaga kamba kwa buti lake la mpira, akaona nyama ikichomoka nzima kutoka ndani ya ganda. Wengi walikuwa wamewahi kuwakanyaga kamba kabla yake, lakini yeye alijiuliza kwa nini nyama haikupondeka. Akachukua mashine ya mama yake ya kufulia nguo, ile yenye rola mbili za mpira za kukamulia maji, na kuanza majaribio.

Jibu alilolipata ni jepesi kulieleza ingawa lilikuwa gumu kulikamilisha. Rola za mpira zinazozunguka kuelekeana hulinasa ganda pamoja na miguu na kuvivuta chini. Nyama, kwa kuwa ni nene na inateleza, haipiti katika upenyo huo, nayo hubaki juu. Rola zikilazwa kwa mteremko na maji yakimiminwa bila kukoma, kamba huteremka polepole wakigeuzwa huku na huku, wakafika chini wakiwa wamemenywa. Mashine moja ilifanya kazi ya kundi zima la watu.

Kijana huyo, baba yake na ndugu yake Fernand walipewa hataza ya uvumbuzi huo mwaka 1947. Hataza ni haki ambayo serikali humpa mvumbuzi kwa muda maalumu, ili mtu mwingine asitengeneze, asiuze wala asitumie uvumbuzi wake bila idhini. Mwaka 1949 familia ikaunda kampuni ya kuisambaza mashine hiyo. Baadaye shughuli zao zilikusanywa chini ya jina la Laitram, ambalo ukilisoma kuanzia mwisho utakuta ni Martial, jina la pili la mvumbuzi mwenyewe.

Hapa ndipo biashara ilipochukua sura iliyozua ubishi. Familia ya Lapeyre haikuwauzia mashine wenye viwanda vya Marekani. Iliwakodishia. Kila mashine ilifungwa kifaa cha kuhesabu mizunguko ya rola, na mwenye kiwanda alilipa kulingana na hesabu hiyo. Mpango huo uliwafaa wenye mitaji midogo, kwa sababu hawakuhitaji fedha nyingi za kununulia mashine. Hata hivyo, uliwafanya wamtegemee mwenye mashine kila msimu wa uvuvi.

Mgogoro ulizuka pale viwanda vya kaskazini magharibi, katika pwani ya Bahari ya Pasifiki, vilipotozwa kodi maradufu ya ile iliyotozwa viwanda vya Ghuba ya Meksiko. Kamba wa Pasifiki ni wadogo mno. Kumenya ratili moja kwa mkono huko kulichukua muda mrefu zaidi, na kwa hiyo mashine ilimwokolea mwenye kiwanda gharama kubwa zaidi. Familia ya Lapeyre ilishikilia kwamba bei ilipaswa kufuata faida ambayo mteja aliipata.

Tume ya Biashara ya Marekani haikukubaliana na hoja hiyo. Iliona kwamba familia hiyo hiyo ilikuwa na kiwanda chake cha kamba upande wa Ghuba, na kwamba kuwatoza maradufu wa Pasifiki kulivilemaza viwanda vilivyoshindana nacho. Mwaka 1964 tume iliamua kwamba ubaguzi huo wa bei ulikiuka sheria ya ushindani, na mwaka 1966 mahakama ya rufaa iliunga mkono uamuzi huo. Lapeyre alijifunza mapema kwamba hataza humlinda mvumbuzi lakini haimpi ruhusa ya kufanya apendavyo sokoni.

Kesi ya pili ilikuwa maarufu zaidi, na hadi leo wanafunzi wa sheria hufundishwa habari zake. Laitram ilikuwa na hataza za mashine ya kupasua mgongo wa kamba na kuondoa ule utumbo mweusi. Kampuni iitwayo Deepsouth ilikatazwa na mahakama kuiuza mashine ya namna hiyo nchini Marekani. Ndipo ikabuni njia ya kupenya. Ingetengeneza sehemu zote za mashine, izifungashe katika masanduku matatu, izisafirishe ng'ambo, na mnunuzi aziunganishe mwenyewe kwa muda usiozidi saa moja.

Je, sehemu zilizomo ndani ya masanduku ni mashine, au si mashine? Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani iligawanyika. Majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba hataza ya Laitram ilihusu mashine iliyokamilika, na kwa kuwa kazi ya kuiunganisha ilifanyika nje ya Marekani, hapakuwa na kosa. Lapeyre alishindwa. Miaka 12 baadaye, mwaka 1984, Bunge la nchi hiyo liliirekebisha sheria ili kuuziba mwanya huo, na kifungu kilichotokana na kesi ya kamba kimetumika tangu hapo katika mabishano ya programu za kompyuta na dawa.

Wakati kesi hiyo ikiendelea, mawazo ya Lapeyre yalikuwa yamekwisha kuhamia kwingine. Mashine zake zilimenya kamba kwa kasi, lakini kamba walipaswa kufikishwa kwenye mashine, kisha kwenye chombo cha kuwachemshia, kisha kwenye mikebe. Kazi hiyo ilifanywa na mikanda, na mikanda hiyo ilikuwa kero.

Mkanda wa kusafirisha haukuwa jambo geni. Katika miaka ya 1890, Thomas Robins wa Marekani alikuwa ameunda mikanda ya mpira iliyobeba mawe yenye madini katika mgodi wa Thomas Edison. Mwaka 1913 Henry Ford alipanga kiwanda chake kwa namna ambayo gari linaloundwa lilimfuata fundi, badala ya fundi kulifuata gari. Lakini mkanda unaofaa kwa mawe haufai kwa chakula kilicholowa maji ya chumvi.

Mikanda ya waya wa chuma ilishika kutu, nyuzi zake zikakatika na kuwanasa kamba. Mikanda ya mpira na ya kitambaa ilinywa maji, ikalegea na kuteleza. Yote miwili ilihitaji kuvutwa ikaze sana ili izunguke, na kwa sababu ya mkazo huo ilikwenda upande na kujichana kwenye kingo za fremu. Sehemu moja ikiharibika, mkanda mzima uling'olewa na kiwanda kikasimama, huku kamba wakiendelea kuoza.

Lapeyre alilitazama tatizo hilo kama mjenzi anavyoutazama ukuta. Ukuta haujengwi kwa jiwe moja kubwa. Hujengwa kwa matofali madogo yanayofanana, ya mstari wa juu yakikalia maungio ya mstari wa chini. Naye aliunda vipande vidogo vya plastiki kwa kuimimina katika kalibu, kila kipande kikiwa na matundu kwenye kingo zake. Vipande hupangwa kama matofali, na kijiti kirefu cha plastiki hupitishwa katika matundu hayo kama pini ya bawaba. Mkanda mzima hupinda kwenye kila kijiti.

Chini ya mkanda huo magurudumu yenye meno hushika vipande na kuvisukuma mbele. Kwa kuwa ni meno yanayosukuma, mkanda hauhitaji kukazwa, hautelezi na hauendi upande. Ukitaka mkanda mpana, unaongeza vipande. Ukitaka mrefu, unaongeza mistari. Kipande kimoja kikivunjika, fundi huchomoa kijiti, hubadilisha kipande hicho na kazi huendelea baada ya muda mfupi.

Mwaka 1971 ilianzishwa kampuni ya Intralox chini ya Laitram ili kuuza mikanda hiyo. Kilichokusudiwa kwa kamba kikaenea upesi katika kazi nyingine. Uchaguzi wa plastiki ulitegemea kazi yenyewe: polipropilini huvumilia maji ya moto na dawa za kusafishia lakini huwa rahisi kuvunjika katika baridi kali, polithini hustahimili vyumba vya kugandisha, na asetali, iliyo ngumu na yenye utelezi, hubeba mizigo mizito kama chupa na mikebe.

Mkanda huo si dawa ya kila kitu. Bei yake ya kununulia huwa juu kuliko ya mkanda wa kawaida wa mpira. Maungio yake mengi huweza kuficha mabaki ya chakula yasiposafishwa kwa uangalifu. Kipande kikimeguka, plastiki huweza kuingia katika chakula, na ndiyo maana mikanda mingi ya viwanda vya chakula ni ya rangi ya buluu, rangi ambayo ni nadra kuonekana katika chakula na kwa hiyo humshtua mkaguzi mara moja. Na kwa mawe ya mgodini, mikanda mizito ya mpira ya aina ya Robins bado ndiyo itumikayo.

Lapeyre hakuishia hapo. Alishughulika na dira za kielektroniki za kutumiwa baharini, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitoa ngazi ya chuma ambayo kila kidato ni cha mguu mmoja tu, cha kulia kisha cha kushoto, ili mtu aweze kupanda na kushuka mahali pembamba akiwa ametazama mbele. Hataza alizopata maishani mwake zilipita 100. Makao ya kampuni yake yalikuwa Harahan, karibu na New Orleans, na alipofariki mwaka 1989, akiwa na umri wa miaka 62 au 63, uongozi ulimwangukia mwanawe, Jay.

Tukirejea kwetu, Ziwa Victoria lilipata viwanda vya minofu ya mbuta katika miaka ya 1980 na 1990, na samaki wa ziwa hilo wakaanza kuliwa Ulaya. Pamoja na fedha za kigeni, vilikuja masharti. Soko la Ulaya lilitaka kila meza, kisu, sakafu na chombo kinachogusa samaki kiwe cha kuoshwa, kisichoshika kutu wala kunywa maji. Haya ndiyo matakwa yaleyale yaliyoiondoa mikanda ya waya na ya kitambaa katika viwanda vya kamba.

Mwaka 1999 Ulaya iliwazuia samaki wa ziwa hilo kwa hofu ya wale waliovuliwa kwa sumu, na Kenya haikurudishiwa soko hilo hadi mwaka 2000. Wavuvi wa Muhuru, Karungu na Mbita walionja uchungu wa uamuzi uliofanywa mbali nao. Ilidhihirika kwamba usafi wa kiwanda na uaminifu wa mvuvi ni mnyororo mmoja, na pete moja ikikatika, wote hulala njaa.

Lakini lipo swali jingine ambalo maisha ya Lapeyre yanatuachia, nalo ni la haki. Mashine yake iliwaondolea wamenyaji maumivu ya vidole, na papo hapo ikawaondolea wengi ujira. Ukingoni mwa ziwa letu, viwanda vilipochukua minofu, kina mama waliachiwa vichwa na mifupa, ile inayoitwa mgongo wazi, wakaikaanga na kuiuza kuwasomesha watoto wao. Mashine humwinua anayeimiliki kabla ya kumwinua anayefanya kazi kando yake. Kwa sababu hiyo, suala la nani anamiliki uvumbuzi ni zito kuliko uvumbuzi wenyewe.

Osiri, katika eneo la Nyatike, inajulikana kwa dhahabu inayochimbwa kwa zana za mikono, si mbali na Macalder ambako mgodi mkubwa ulifungwa katika miaka ya 1960. Huko mawe hubebwa magunia kwa magunia mgongoni, husagwa na kuoshwa kwa maji. Mahali pa namna hiyo hapakosi kijana anayefunga injini ya zamani kwenye mashine ya kusagia, au anayebadilisha mteremko wa ubao wa kuoshea ili dhahabu isipotee. Kazi hiyo kimsingi ni ileile aliyoifanya Lapeyre kwa rola za mama yake.

Tofauti ni kwamba Lapeyre alisajili. Kenya ilipitisha sheria yake yenyewe ya hataza mwaka 1989, mwaka uleule aliofariki mvumbuzi huyu. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka ulinzi humu nchini ilimpasa kwanza kuupata Uingereza. Sheria ya sasa ni ya mwaka 2001, nayo hutoa hataza ya miaka 20. Kwa ubunifu mdogo ambao ni mpya na unafaa viwandani ingawa haukufikia kiwango cha hataza, hutoa cheti cha ulinzi wa miaka 10. Mafundi wengi wa jua kali hawajui kwamba mlango huo upo, na kazi yao huigwa na mwenye karakana kubwa kabla jasho halijakauka.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mkanda wa Lapeyre unakwenda kwa sababu hakuna kipande kinachovuta peke yake, na chochote kilichochakaa hubadilishwa bila kuuvunja mkanda mzima. Wavuvi, wachuuzi na wachimbaji wa Migori na Homa Bay wakiungana katika vyama vyao, wakaweka kumbukumbu za ubunifu wao na kuusajili, mashine zitakazokuja huenda zikawakuta wakiwa wamiliki, si watazamaji.